Karibuni kwenye Kalamu

Nilikuwa kwenye duka la kuchapisha kadi pale Nyaishozi, mtoto mgongoni, alipoingia bibi harusi mtarajiwa na shangazi yake. Binti aliweka kadi moja mezani, akaigonga kwa kidole.

"Kaka, umetuandikia 'karibuni kwenye kalamu ya harusi'."

"Shangazi yako ndiye aliyenisomea kwenye simu," alijibu mwenye duka, mtu mwenye asili ya pwani. "Nikamuuliza, kalamu? Akasema ndiyo, kalamu ya kula."

"Si ndiyo hiyo," shangazi akasema. "Ndizi, nyama, pombe ya rubisi."

"Hiyo ni karamu, shangazi," binti akamsahihisha.

"Ndiyo. Kalamu."

Binti alijifunika uso kwa kitenge. Kadi ya kwanza ilikwisha kufika Chonyonyo kwa mama mkwe, mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha hata matangazo ya kanisani.

"Atasema mwanawe anaoa mjinga," binti alisema.

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa mama mkwe mwenyewe. Binti alipiga goti palepale dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa kubwa, sote tuliisikia. "Kadi nimeisoma mala mbili. Haina kosa. Tutakuja wote kwenye kalamu."

Mwenye duka akafungua mdomo. Shangazi akamtazama. Akaufunga.

Mimi nilijua herufi inayotakiwa. Lakini kadi ikishapitishwa na mwalimu, mtu wa darasa la saba kama mimi aseme nini tena?