Mtumbwi wa Kumi na Nne

Ukurasa mmoja wa kalenda, usiozidi upana wa viganja viwili, umenigharimu vikwembe viwili vipya, vitenge vya kujifunga, miche sita ya sabuni, sufuria moja na mfuniko wake, siku mbili za matope juu ya pikipiki, na salamu ya mwanamke mmoja kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimehesabu mara mbili. Vikwembe na sabuni nitavisahau. Matope yamekwisha kukauka. Salamu ndiyo iliyonichosha.

Miaka ya vita nilikuwa nauza chumvi Alunguli, pale mitumbwi inapoegeshwa. Reli ilikuwa imeota majani, na chumvi ilikuja kwa ndege upande wa pili wa mto, siku ndege ilipojisikia kuja. Niliipima kwa kijiko, kijiko nikakisawazisha kwa kisu, na hakuna mtu aliyewahi kuona kisu changu kikikosea kwa faida ya mteja. Tatizo lilikuwa karatasi. Jani la mgomba linafaa kwa wali na samaki, lakini chumvi ndani ya jani bichi inalia maji, na mteja anakuja kulia nayo mbele yako.

Basi fundi mmoja wa mashine za meli za mtoni, aliyekuwa anafunga mizigo kuondoka, akaniuzia kalenda yake ya ukutani. Ilikuwa nene kama tofali, ya mwaka uliokwisha pita zamani, kila siku na ukurasa wake. Upande mmoja palikuwa na picha ya meli na mistari michache ya Kifaransa kuhusu mambo yaliyotokea baharini tarehe hiyo, karne hii na zile za nyuma. Upande wa pili ulikuwa mweupe, na huo ndio nilioununua. Alitaka vijiko vitano vya chumvi, nikampa vitatu.

Lakini wapiga kafi wa kivuko waliipenda kuliko mimi. Walijua nimesoma mpaka sekondari, na asubuhi kabla ya abiria kuwa wengi walikuja kukaa juu ya magunia yangu na kuuliza, leo walipigana nani. Nikawasomea ukurasa wa siku. Ikawa desturi. Kurasa za siku zilizopita nilizichana kufungia chumvi. Za siku zijazo hazikuguswa, kwa sababu wangenizomea.

Mmoja wao alikuwa mume wa rafiki yangu. Nilimwita shemeji. Mtu mrefu, mvivu wa kusema na mvivu wa kupiga kafi: alivuta mara moja pale wenzake walipovuta mara mbili, na bado alifika pamoja nao. Rafiki yangu alikaa mbele ya mtumbwi na kafi lake dogo, akivuta kwa mwendo wa mumewe, wakipeleka muhogo na samaki ng'ambo. Mimi na yeye tuliitana dada. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Tarehe ishirini na moja Oktoba ukurasa ulikuwa umejaa. Mwaka 1520, nahodha mmoja Mreno aliyetumwa na Wahispania aliona mlango wa maji kule mwisho wa Amerika ya Kusini, na kuupita kukamchukua zaidi ya mwezi. Mwaka 1797, Wamarekani waliingiza majini meli ya mbao iliyokuwa imekataa mara mbili kushuka. Ya tatu ikakubali, na kalenda ilisema inaelea mpaka leo. Na mwaka 1805, karibu na Uhispania, meli ishirini na saba za Waingereza zilipigana na thelathini na tatu za Wafaransa na Wahispania, Waingereza wakashinda bila kupoteza hata moja. Kalenda ilikuwa ya Kifaransa, kwa hiyo habari hiyo ilipewa mistari miwili tu. Kamanda wa washindi alipigwa risasi akiwa amesimama juu ya meli na medali zake kifuani.

"Alivaa medali mbele ya bunduki?" shemeji akasema. "Ule hakukuwa na bibi wa kumukataza."

Kuhusu yule wa mwezi mzima kwenye mlango wa maji, walikubaliana kwamba abiria wake walikuwa na haki ya kulipa nusu.

Siku hiyohiyo, kabla ya saa sita, habari ilifika kwamba askari wanakuja kuchukua mitumbwi yote. Wiki iliyotangulia walikuwa wamechukua ya wenzetu wa chini ya mto, wakavuka nayo, wakaichoma ng'ambo ili adui asivuke nayo kurudi. Mtumbwi si kitu cha kununua kesho. Ni mti mzima, ni miezi ya shoka, ni mahari ya binti na ada ya shule ya kaka yake.

Wapiga kafi walikuwa na njia yao ya siku zote: kiangazi, mtumbwi usiotumika huzamishwa ili jua lisiupasue. Ubao unaolala majini haufi. Basi mvua ilipoanza, askari wakiwa bado njiani, wamejibanza chini ya mabati, maana askari wa vita vile hawakupenda mvua, wanaume wakajaza mawe ndani ya mitumbwi yao, wakasogea nayo mtoni mmoja mmoja, wakaizamisha, wakarudi kwa kuogelea. Kumi na minne. Nilihesabu ikienda, nikahesabu vichwa vikirudi. Meli kumi na nne zilizama siku hiyo Alunguli, zote zetu, na tukajiona tumeshinda.

Walipofika nchi kavu, kila mmoja alinipa hesabu yake: makafi mangapi, yaani mivuto mingapi ya kafi, kutoka jiwe la kufulia, akielekea alama gani ng'ambo. Hivyo ndivyo wanavyopima mto. Mapatano yalikuwa kwamba mimi niandike, ili yeyote atakayechukuliwa na askari, watu wa nyumba yake waje kwangu. Nikaandika kwa penseli nyuma ya ukurasa wa siku yenyewe, mistari kumi na minne, nikauacha mahali pake ndani ya kalenda. Askari anayepekua ataona kalenda ya meli tu. Nilijisifu sana kwa akili hiyo.

Siku mbili baadaye, askari kwa hasira ya kukosa mitumbwi wakakusanya wanaume wa kivuko kubeba mizigo njia ya Pangi. Shemeji alikuwemo. Mkewe alikuwa ng'ambo, Mikelenge, akimwuguza mama yake. Hakuona mtumbwi ukizama, wala hakuona mume akiondoka. Wengine walirudi mmoja mmoja, miguu imevimba. Yeye hakurudi. Hakuna aliyemwona akianguka, na hakuna aliyemwona tena.

Kisha ndege ikaja na chumvi. Watu walikuwa hawajaonja chumvi wiki nyingi. Kurasa zilizobaki zilikuwa sabini na mbili, kuanzia ule wa ishirini na moja Oktoba mpaka mwisho wa Desemba. Nikaamua kuchana kutoka nyuma, Desemba kwanza, na kuuza mafungu sabini na moja, basi. Nilihesabu mafungu mara mbili. Yalikuwa sabini na moja.

Aliyekuja wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Pangi, amekuja kwa miguu, atarudi kwa miguu. Nikamfungia. Akaniangalia, akasema njia ni ndefu na mvua ni ya kila siku, nimwongezee karatasi ya pili. Nilikuwa nimechoka. Mkono ukachana, ukafunga juu ya ile ya kwanza, ukampa. Katika maisha yangu ya biashara ndiyo mara moja nilipotoa kitu bila kuhesabu, na niliona hata raha kidogo. Asubuhi niliona kadibodi tupu ya kalenda.

Askari walipoondoka, wanaume waliotoka salama walikwenda moja kwa moja kwenye mitumbwi yao. Mtu hasahau alipolaza mali yake. Kumi na mitatu ilitoka. Ndipo rafiki yangu akaja kuniuliza hesabu ya mumewe.

Nikamwambia ukweli: karatasi imekwenda na chumvi. Nikamwambia sikumbuki, ni arobaini na mbili au ishirini na nne, na alama ya ng'ambo siijui tena. Mimi nikishaandika kitu sikibebi kichwani. Ndiyo maana ya kuandika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Siku zile watu walikuwa wamewaona askari na mtumbwi mmoja ambao hakuna aliyejua wameutoa wapi, na mimi nilikuwa mtu mwenye chumvi wakati wengine hawana; ilikuwa rahisi kudhani niliwauzia mahali pake.

"Muntu anahesabu kila kitu mara mbili," akasema, "njo yeye anapoteza karatasi moja?"

Mpaka leo, nikijiuliza mimi mwenyewe swali hilo, namwona ana haki.

Wanaume walichoma mto kwa miti mirefu siku tatu wakiutafuta, kisha maji yakapanda. Bila mtumbwi, aligeuka mchuuzi wa samaki wa watu wengine. Yuko palepale mpaka sasa. Mimi nilihamia Mikelenge, lakini navuka kila wiki, na kila wiki napita mbele ya meza yake. Haniitikii. Hanitukani pia. Mtu anayekutukana unaweza kukubaliana naye kitu.

Mwezi uliopita nilikwenda Pangi kununua mawese. Nyumba niliyofikia ni ya bibi kizee mmoja anayepokea wafanyabiashara, na chumba chake cha kulia hakina dirisha. Ukutani, mahali ambapo dirisha lingekuwa, palikuwa na picha ya meli ya matanga, imebandikwa kwa ulimbo, imekuwa kahawia kwa moshi. Nilikunywa chai yote nikiiangalia kabla sijasoma tarehe chini yake.

Nikamwuliza ameitoa wapi. Akasema wakati wa vita alinunua chumvi Alunguli kwa mwanamke mmoja mgumu sana wa bei, lakini mwishoni alimpa karatasi ya pili bure, na hiyo ya pili aliivua njiani akaificha kifuani kwa ajili ya picha, ikafika kavu. Sikumwambia mwanamke huyo ni nani.

Nikamwomba aniuzie karatasi.

"Hii haiko karatasi," akasema. "Hii njo dirisha yangu."

Nimefanya biashara na askari, na mapadri, na madereva wa malori, lakini sijawahi kuonana na mtu kama yule. Alianza na kikwembe kimoja, na nilipokubali haraka akajua, akapanda. Mimi nisingefanya tofauti. Tulimaliza siku ya pili. Akaibandua kwa maji ya moto, polepole, kama mtu anayevua mtoto nguo, na nyuma yake penseli yangu ilikuwa bado inasomeka. Mstari wa kumi na nne: arobaini na mawili, kutoka jiwe la kufulia, kuelekea paa la ghala la stesheni.

Niliporudi nilitafuta wapiga kafi wawili, nikawalipa wanipeleke makafi arobaini na mawili kila mmoja, bila kuwaambia sababu. Jiwe lipo. Paa lipo, limetoboka. Wa kwanza alinifikisha kwenye mkondo mkali. Wa pili, mtu mfupi, alinifikisha maji ya kiunoni. Nilihesabu mara mbili nikapata mito miwili. Ndipo nikaona nilichokosea tangu siku ile ya mvua: niliandika idadi ya makafi, sikuandika urefu wa kafi. Arobaini na mawili ni ya shemeji, yule aliyevuta mara moja wengine wakivuta mbili. Na duniani kuna mtu mmoja tu anayeujua mvuto ule mwilini mwake, kwa sababu alikaa mbele yake miaka yote akiufuata.

Wazee wa kivuko wanasema mtumbwi wa mti mgumu, uliolala chini ya mchanga na mawe ndani, unaweza kuwa mzima. Wale Wamarekani wana mbao zao za mwaka 1797, sisi tunaomba za vita vyetu tu. Lakini pia inawezekana askari waliukuta. Ukurasa hausemi kwamba haukuibwa. Unasema tu kwamba sikuuza mahali pake. Niliupoteza, kama nilivyosema.

Jana nilivuka nao ndani ya mfuko. Nikasimama mbele ya meza yake, nikamwuliza bei ya fungu la samaki wakavu. Akataja, macho kwenye samaki. Nikatoa bei ileile aliyotaja, nikamwekea mezani.

Akainua uso. Mara ya kwanza tangu vita.

"Uko mugonjwa?" akauliza.

Nikasema hapana. Nikachukua samaki wangu, nikaondoka na ukurasa bado ndani ya mfuko, kama mjinga.

Sasa maji yameanza kupanda. Wiki tatu, labda nne, na mahali pale hapatafikika mpaka mwakani, na magoti yetu sote wawili si ya kungoja mwakani. Biashara yote nimeifanya kwa sheria moja, kutotoa cha mkononi kabla sijaona cha mwenzangu. Hapa sheria hiyo hainisaidii. Nikimpa ukurasa kwanza, anaweza kuuchukua na kunigeuzia mgongo, na ni haki yake. Nikimwomba kwanza apande mbele ya mtumbwi na kuvuta makafi arobaini na mawili ya mumewe, hajui bado kwa nini, atadhani namdhihaki. Na tukifika pale, tukachoma mchanga, tusikute kitu, nitakuwa nimemzamishia mtumbwi mara ya pili. Wewe uliyewahi kumkosea mtu na kukaa naye kivuko kimoja miaka yote, niambie: nianze na lipi?