Mkia Nilioupima kwa Dirisha

Mwanangu, nnaona boksi la ndege yako lishafunguliwa, mabawa yashakaa, na gundi iko mkononi inangoja mkia. Ifunge kwanza. Vijana wa Darajani wananicheka kwamba mimi, mtu mzima muuza vyombo vya mitumba, bilauri sita nazihesabu mara mbili. Leo nikwambie hofu hii niliipata wapi.

Nakumbuka alasiri moja, nina miaka kumi na saba, ndege kama hiyo iko mezani kwetu, ghorofani, Mji Mkongwe. Ami yangu baharia ndiye aliyeileta: vijiti na vibao vyepesi kama unyoya, na injini ndogo ya mafuta yenye panga boi mbele. Ulibaki mkia tu. Bibi yangu, mshona kofia, alikuwa kaketi kando na sindano yake.

"Saidi!"

"Naam, Bibi."

"Huo mkia umeupima kwa uzi?"

"Kwa macho, Bibi. Tazama, uko sambamba na nondo ya dirisha."

"Macho! Mie miaka yote hii nashona, na kila kofia naikunja nione pande zimekutana. Wewe wa jana ushayaamini macho?"

Nikacheka. Mwenye macho haambiwi tazama, nikajisemea. Gundi ikakauka.

Kesho yake tukaenda uwanja wa Mnazi Mmoja. Dada yangu akaja kutazama, akaketi majanini na mwanawe wa miezi minne mapajani. Nikawasha injini, nikaiachia. Ikapanda vizuri, nami nikajivuna. Kisha ikalala upande.

Mwanangu, ndege ile haikuwa na kamba wala usukani; ukishaiachia, hakuna wa kuiita. Ikageuka kushoto, kushoto tena, huku inashuka, na duara lile mwisho wake ni pale alipoketi dada yangu.

Nikabaki nimesimama. Mlio ulikuwa mwembamba kama wa nyigu sikioni, ukizidi kukua. Dada akamfunika mtoto kwa mwili wake. Panga boi likapita, likamchana buibui begani, ndege ikajichomeka ardhini. Kimya. Mtoto hakulia. Kimya kile ndicho kilichonizeesha. Nikafika, nikamhesabu vidole: kumi. Nikahesabu tena. Ndipo akalia, nami nikakaa chini kama gunia.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilibaki. Kilichovunjika ni pua ya ndege. Nyumbani Bibi hakunigombeza. Alitwaa uzi, akaushika kwenye ncha ya mkia wa kusimama, akauvuta hadi ncha ya bawa la kulia, akapiga fundo. Akauhamishia bawa la kushoto. Fundo likapitiliza upana wa vidole viwili.

"Lakini nimelinganisha na dirisha, Bibi!"

"Dirisha la nyumba gani? Hii? Nyumba hii imeinama tangu mie sijaolewa! Hiyo meza unaiona imekaa sawa kwa sababu miguu yake miwili nimeitilia vibao. Wewe umezaliwa humu, upogo wake ukauona ndio unyoofu."

Hadi leo pikipiki ikinijia kwa nyuma, mgongo wangu husisimka kabla sijageuka.

Basi mwanangu, mkia usiupime kwa dirisha, wala kwa ukuta, wala kwa jicho langu. Vuta uzi kutoka ncha ya mkia hadi ncha ya kila bawa. Fundo likikubali pande zote mbili, pima tena, ndipo utie gundi. Na katika mambo mengine pia, ulichokizoea tangu utotoni usikichukulie kuwa kimenyooka kwa kuwa umelelewa ndani yake. Ukiogopa usione haya. Ogopa mapema, gundi ikiwa bado mbichi.

Dada yangu yule ndiye bibi yako. Na mtoto yule wa mapajani ndiye mama yako, huyo anayetutilia chai humo ndani. Vidole vyake ni kumi, nilishahesabu.

Mungu akutulizie mkono, akunyooshee kila unachokirusha, na akuhifadhie wote watakaokuja kukutazama. Amina. Haya, lete uzi.