Marufuku Kupanda Miti

Balaa lote lilianzia kwa bwana harusi mmoja ambaye hatuna haja ya kumjua zaidi ya suti yake. Alikuja na msafara wake kupiga picha kwenye bustani ya manispaa, akaona picha za chini hazimtoshi, akaparamia ule mti mkubwa wa katikati. Tawi likakatika. Akashuka nalo, na ua lake kifuani, mbele ya bibi harusi na mashemeji wote, akavunjika mkono. Ofisi ya bustani iliingiwa na haya, ikamwita mchoraji wa mabango, na haukupita muda langoni kikasimama kibao chekundu: NI MARUFUKU KUPANDA MITI.

Aliyekipigilia misumari alikuwa Majani. Hilo si jina la kwao, ni la mjini. Wamempa kwa sababu ametunza bustani ile tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, na hata akitoka kuoga, ukimtazama vizuri utakuta jani limenasa mahali. Mbishi yule, tena mbishi wa kunyamaza, ambao ndio wabaya. Alipigilia kibao, akakitazama kwa mbali, akakinyoosha, akasema kimekaa sawa. Masikini ya Mungu, angejua!

Maana mwaka ule ule mti mkubwa ulikauka. Labda umri, labda aibu ya bwana harusi, nani ajuaye. Ofisi ikaamuru ukatwe, na mkataji ni nani kama si yeye? Majani akaukata kwa shoka lake mwenyewe huku roho inamuuma, kisha akaokota mbegu zake za mwisho akaziotesha kwenye kopo la rangi. Ikaota moja tu. Akaapa: pale pale patasimama mwingine kabla sijastaafu. Na kustaafu kwenyewe kulikuwa kumeshamkaribia.

Kilichomkera zaidi ni watu. Benchi la chini ya ule mti lilibaki, na watu, kwa mazoea, waliendelea kuja kukaa kivulini. Kivuli hakuna! Wanakaa juani wamejifunika magazeti kichwani, jasho linawachuruzika, wanasema, "Ahaa, hapa afadhali." Majani akiwaona alikuwa anatamani kulia.

Masika ya kwanza yalipolainisha ardhi, akaja na jembe na mche wake. Hajachimba hata shimo la kuku, filimbi ikalia. Alikuwa Afande, mlinzi wa bustani, mtu aliyepiga pasi mpaka kamba za viatu.

"Mzee, kibao unakiona?"

"Nakiona. Mimi ndiye niliyekipigilia."

"Kinasemaje?"

"Marufuku kupanda miti."

"Na wewe hapo unafanya nini?"

Majani akalitazama jembe lake, akautazama mche. Kweli, alikuwa anapanda mti.

"Afande, acha masihara. Kupanda kule ni kwa miguu! Kwenda juu! Mimi napanda kwa jembe, naenda chini!"

"Kibao hakikutaja miguu," Afande akasema. "Wala jembe hakikutaja. Kimesema kupanda."

"Na hii mingine yote iliyomo humu, ilijileta?"

Afande akaigeukia miti kwa jicho la kuitilia shaka, mmoja baada ya mmoja. "Hiyo ilipandwa kabla ya kibao," akasema mwishowe. "Imesamehewa."

Wakaenda kwa Bosi. Bosi alikuwa mgeni pale ofisini. Yule aliyeagiza kibao alikuwa ameshahamishwa, na mchoraji alipoulizwa alisema yeye huchora herufi, maana ni juu ya mwenye kusoma. Bosi akakitazama kibao kupitia dirishani, akamtazama Majani, akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga wa kukosea, basi, na mwoga akipewa kiti, kazi inalala.

"Yawezekana ni kupanda kule," akasema. "Yawezekana ni huku. Tusiwe na haraka. Nitaunda kamati. Kwa sasa, ili tuwe salama, tukataze kote kuwili."

Majani akarudi nyumbani na kopo lake kwapani.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na watu wote, pamoja na mumewe, walimwita Fundi. Alishonea pale pale sebuleni, nyumba yenyewe ya vyumba viwili, na kwa mdomo alijaliwa. Watoto wao walishaoa na kuolewa, wako mbali, na sebule aliyoachiwa aliipanga apendavyo: cherehani dirishani, vitambaa ukutani, pembeni nafasi tupu aliyokuwa anaipenda kwa sababu hakuna mtu wa kuichafua.

"Hicho ni nini?"

"Ni cha siku mbili tatu tu, Fundi. Kamati ikikaa, kinaondoka."

"Mimi niliolewa na mtu, Bwana Majani. Sikuolewa na msitu."

Kipupwe kikaja na baridi yake, nyasi za bustani zikapauka, na kamati ikakaa. Ilikaa bustanini, juu ya viti, na koti kila mmoja. Ikagawanyika. Wapo waliosema kupanda ni kwa miguu, wapo waliosema ni kwa jembe, na mmoja aliyekuwa amesinzia alipoulizwa alisema kwa mtazamo wake ni kupanda bei. Chai ikaletwa. Wakakubaliana kukutana tena.

Kule nyumbani mti haukungoja kikao. Ulikuwa wa aina inayokua kwa pupa. Ulitoka kwenye kopo ukahamia ndoo, ukatoka kwenye ndoo ukahamia pipa dogo la plastiki ambalo Fundi alikuwa anatunzia unga, na hapo palichimbika! Wakanuniana wiki nzima. Lakini wateja walipokuja kupima nguo walikuwa wanakosa pa kutundika mikoba, wakawa wanaitundika kwenye tawi. Kisha Fundi akaanza kutundika nguo zilizokwisha. Kisha utepe wa kupimia. Siku moja Majani alirudi akamsikia mkewe anazungumza peke yake, na alipochungulia akakuta anaufuta mti vumbi la chaki, jani kwa jani, huku anausimulia habari za mteja mwenye kiuno cha uongo.

"Unaongea na nani?"

"Na Mgeni," Fundi akasema bila kugeuka. "Yeye angalau hanikatizi."

Basi jina likashika. Mgeni amekunywa maji? Msogezeni Mgeni dirishani. Mteja akiingia anasalimu mwenye nyumba, anasalimu na Mgeni, na wengine waliapa kwamba aliitikia. Fundi akamshonea hata shuka la mabaki ya vitambaa la kuzungushia pipa, eti miguu yake isionekane mbele za watu.

Lakini nyumba si shamba. Joto la kabla ya vuli lilipoingia, Mgeni alikuwa amegusa dari na kupinda shingo. Mizizi ikapasua pipa. Majani ya chini yakaanza kuwa njano, yanaanguka juu ya cherehani, na Fundi, aliyeyaokota, hakusema kitu. Huyo Fundi mwenye mdomo! Majani alipoona mkewe amenyamaza ndipo alipoogopa kweli. Mtunza bustani hahitaji kuambiwa: vuli ikipita mti haujaingia ardhini, umekwisha, na mbegu nyingine hana.

Akaenda kwa Bosi mbio mbio, na matope ya mvua ya kwanza yakamganda magotini.

"Bosi, kamati imefika wapi?"

"Kwenye ajenda ya pili."

"Mti unakufa, Bosi. Unanifia ndani ya nyumba."

Bosi alikuwa na simu sikioni na nyingine inalia mezani. "Sasa mzee wangu, mti ukifa mimi nifanyeje? Ukifa kauzike! Kuzika hakuna kibao kinachokataza."

Alikuwa anamfukuza tu. Majani akashika kitasa, akageuka, akasema, "Ahsante sana, Bosi," kwa furaha iliyomshtua Bosi mpaka akakata simu siyo.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa inanyunya. Mgeni alisukumwa na wateja wanne, amelazwa juu ya mkokoteni, pipa limefunikwa shuka lake. Fundi alitangulia na kitambaa kichwani. Walipofika langoni, Afande aliweka filimbi mdomoni.

"Mnakwenda wapi na huo mti?"

"Tunazika," Majani akasema. "Kwa ruhusa ya Bosi. Muulize."

Afande akauliza kwa simu. Bosi akakiri kwamba ndiyo, alisema wazike. Afande akatoa filimbi, akavua kofia, akamkagua marehemu toka chini mpaka juu.

"Mbona juu bado ana majani mabichi?"

"Wapo wanaokufa na afya yao," Fundi akajibu.

Kaburi likachimbwa pale pale, ubavuni mwa kisiki cha ule mti mkubwa. Majani alichimba mwenyewe, na kwa jinsi alivyokuwa anaikomboa ile mizizi na kuilaza kwenye udongo, ungedhani anamvua mtoto viatu. Afande alisimama kando kwa heshima mpaka shimo likaanza kufukiwa, ndipo akakohoa.

"Samahanini wafiwa. Mbona mnamzika nusu?"

Majani akazidi kufukia.

"Alikuwa mrefu," Fundi akasema. "Tena alikuwa anaogopa giza."

Afande akalifikiria jambo hilo, akaona halina kosa. Na hapo Fundi akaangua kilio. Majani alidhani ni maigizo, akataka hata kumnong'oneza kwamba inatosha, lakini alipomshika mkono akaona amelikamata shuka la Mgeni, haliachii. Fundi alikuwa analia kweli. "Nilimsema sana," alikuwa anarudia. "Na nitarudi nikaone ile pembe tupu." Wateja nao wakalia. Watu wa benchini wakaacha magazeti yao wakaja kulia. Bosi, alipoona umati, alitoka na mwavuli akatoa rambirambi, akasema marehemu alikuwa mtulivu, hakuwahi kukiuka utaratibu, na ofisi itamkumbuka.

Kisha likaja kiangazi, na Mgeni akapukutisha kila kitu. Akabaki fimbo. Afande aliridhika, sasa ni maiti asiye na ubishi. Majani hakulala vizuri. Kila asubuhi alikuja na ndoo akaimwaga pale, na Afande alipouliza alijibiwa kwamba anapooza kaburi. Fundi alikuja Ijumaa kwa Ijumaa, anasimama na utepe wake, anapima ile fimbo, anarudi nyumbani. Mgeni alikuwa haongezeki hata unywele. Siku ya Majani ya kukabidhi jembe ikakaribia, naye akajisemea kwamba amemzika kweli.

Masika yakafunguka wiki ile ile. Asubuhi ya siku yake ya mwisho kazini, Majani akiwa anakusanya vyombo, alimwona Afande anamjia mbio, kofia mkononi, na Afande yule hajawahi kukimbia.

"Mzee! Marehemu ametoa majani!"

Majani akaangusha fagio. Wakaenda wote wawili. Kweli: kwenye ncha, mawili madogo, mekundu bado, yanang'aa maji. Majani akakaa chini kwenye tope. Afande akazunguka kaburi, akakitazama kibao kule langoni, akayatazama yale mawili, midomo inamchezacheza. Alikuwa anasoma.

"Kinakataza kupanda," akasema hatimaye. "Kufufuka hakimo."

Akarudisha kofia kichwani, akampigia saluti Mgeni, akaenda zake lindoni.

Majani sasa amestaafu. Kamati bado iko kwenye ajenda ya pili. Jioni yeye na Fundi huja na utepe, wanapima, kisha wanakaa kwenye lile benchi. Kivuli cha Mgeni bado ni kidogo, kinamtosha mtu mmoja tu, tena akijibana. Majani humwambia mkewe asogee huko kivulini, na yeye hukaa juani, na gazeti kichwani, anasema hapa afadhali.