Siku Mama Alipoumwa na Kifutu

Mama aliumwa na kifutu asubuhi, tukipalilia miwa shambani kwetu Kabras. Nilisikia jembe likianguka, kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anaomba maji. "Njoo. Nyoka ameniuma."

Mume wangu alileta pikipiki. Tulimweka Mama katikati, nami nikakaa nyuma nikimshika kiuno hadi dispensari. Nesi alimlaza, akautazama mguu uliokuwa umeanza kuvimba.

"Dawa ya sumu ya nyoka hatuwekangi hapa," alisema. "Iko hospitali kubwa, Kakamega mjini. Nimepigia ambulensi, lakini imeenda kuchukua mjamzito upande wa Buyangu. Msiingoje."

Tukaondoka tena. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kabla ya kufika lami tukakuta trekta la miwa limezama kwenye matope, trela limelala likaziba njia yote. Kushoto mtaro, kulia mtaro, na ng'ambo yake miwa ya watu. Mume wangu alizima pikipiki, akabaki ameshika usukani. Nilimpigia simu kila mtu niliyemjua mwenye gari. Wote walikuwa upande wetu wa matope.

Mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, ngozi inang'aa. Ufizi wa Mama ulikuwa unavuja damu. Alinishika mkono akasema, "Usiniache nife kwa miwa ya watu."

Wakataji miwa waliokuwa wakisukuma trekta walimsikia. Mmoja wao, mzee kiasi, aling'oa turubai kwenye trela akalitandika chini. "Mama, usikanyage," alimwambia. "Tutakubeba."

Walimbeba ndani ya miwa, wakishika pembe za turubai, wengine wametangulia na panga kufungua njia. Nilikuwa nyuma nikimwita Mama. Mwanzoni aliitikia. Baadaye akawa anatikisa kichwa tu. Halafu akaacha hata hilo, nami nikaendelea kumwita kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

Kwenye lami, pikapu ya maziwa ilisimama ikatuchukua.

Hospitali dawa ilikuwako, wakamtundikia. Daktari alitueleza kwa upole kwamba maisha huenda yakaokolewa, lakini kwa mguu tulikuwa tumechelewa. Waliukata chini ya goti. Mama alipozinduka aliuliza viatu vyake viko wapi, nami nikatoka nje nikalia.

Tangu hapo tulisema habari ya dawa na barabara kila baraza, hadi chifu akawa akiniona tu anajua nimeleta lipi. Mwaka jana dispensari ilipata friji ya kuhifadhia dawa hiyo. Barabara haijaguswa. Nesi aliniita niione friji. Alifungua mlango, nikaviona vichupa vimepangwa, vidogo sana.

Nyumbani nilimkuta Mama uani, magongo yake yameegemezwa ukutani, anachambua kunde.

"Wameleta?" aliuliza.

"Wameleta, Mama."

Vidole vyake viliendelea na kazi. "Haya," alisema. "Niletee sufuria."