Ikiwa Gari ni ya Kulwa, Ikiwa Mtu ni ya Doto

Wenzangu mliokulia Nyahanga, pale Kahama, mtanielewa nikisema tulikuwa na raha ambazo hazikuuzwa dukani. Betri za redio zikichoka tulizianika juu ya bati pamoja na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vya kukausha, na jioni redio iliimba tena. Shuleni tulikwenda na fagio mkono huu, dumu la maji mkono ule. Tukirudi, kabla hata ya kuvua sare, tulikuwa uwanjani tunacheza rede kwa mpira wa soksi, mpaka vumbi jekundu litufananishe sote. Mimi na mwenzangu hatukuhitaji vumbi ili tufanane. Sisi ni pacha. Mimi ni Kulwa, niliyetangulia kuzaliwa, na mdogo wangu ni Doto.

Mnajua jinsi sisi Wasukuma tunavyolea pacha. Bibi yetu mzaa baba, aliyekuwa mkunga wa mtaa mzima, alisimamia jambo hilo kwa ukali: akipewa Kulwa, apewe na Doto, siku hiyohiyo na kwa kipimo hichohicho. Michembe ikichemshwa ikawa matobolwa, alitugawia kipande kwa kipande. Likiletwa gauni moja, lilirudi lilikotoka. Bibi aliamini kwamba pacha aliyepunjwa huugua, na sisi tulimwamini Bibi, kwa sababu ndiye aliyetupokea duniani.

Sasa fikirini shida ya baba yetu. Alikuwa mchimbaji mdogo upande wa Bulyanhulu, na kila alipotoka duarani, kwenye shimo lake la dhahabu, alitakiwa aje na vitu viwili viwili. Siku moja akaja na kimoja. Lori dogo jekundu, tipa kabisa, lenye matairi manne meusi ya mpira.

"La nani hilo?" Bibi akauliza, hata mzigo haujashushwa.

"Mama, shikamoo kwanza."

"Marahaba. La nani?"

Baba akacheka. Akaketi kwenye kigoda, akavuta kichwa cha lori kwa mbele. Krak! Akapindua bodi, ikafunguka ikawa miguu miwili. Milango ikawa mabega. Mikono ikachomoka ubavuni. Mwisho kabisa akabonyeza kifua, na kichwa chenye macho ya bluu kikaruka juu. Lori lilikuwa limekuwa mtu! Nilipiga kelele, Doto akapiga kelele, kuku wakakimbia. Bibi alirudi nyuma hatua tatu, akashika kidevu.

"Rudia," akasema.

Baba akarudia. "Rudia tena." Ugali ulipoa siku hiyo.

"Mchuuzi alibakiwa na moja tu," Baba akajieleza. "Lakini Mama, hivi ni vitu viwili. Ikiwa gari ni ya Kulwa, ikiwa mtu ni ya Doto. Nimekosea wapi?"

Bibi akasema, "Wabeja, asante mwanangu. Hapo umegawa."

Tukamwita Mzee Tipa. Asubuhi alikuwa lori langu, nikimbebesha mchanga na maganda ya karanga. Baada ya chakula cha mchana alikuwa mtu wa Doto, akifungwa mgongoni kwa kitambaa kama mtoto. Kumgeuza kulikuwa na hatua kumi na moja, na tulizihesabu kwa sauti moja kama tunavyohesabu jedwali darasani. Ugomvi ulikuwa hatua ya sita, pale anapokuwa si gari wala si mtu.

"Bado gari!"

"Miguu imeshatoka, mwachie!"

Bibi ndiye aliyeamua kesi hiyo. "Kichwa kikionekana, ni mtu. Hata mtoto huwa hivyo anapozaliwa."

Masanja, mtoto wa fundi baiskeli jirani yetu, alikuja kila siku kusimama kwenye ua wetu akijifanya ana haraka. "Wasichana na roboti, wapi na wapi?" alitutania. Lakini alikuwa anazijua hatua zote kumi na moja kutuzidi.

Halafu shangazi akaja kutoka Chato. Alikuwa amejifungua, nyumba ina kazi, na alitaka mmoja wetu akaishi naye na kusoma kule karibu na ziwa. Wakubwa walikaa, wakaamua aende Doto, baada ya Jumapili. Hatukuwahi kulala nyumba mbili tofauti maishani. Tulilia, ndiyo, lakini kilio chetu kiliishia kwenye swali ambalo hakuna mkubwa aliyeliwaza: Mzee Tipa anakwenda na nani? Akibaki, Doto amepunjwa. Akienda, nimepunjwa mimi. Na pacha aliyepunjwa huugua.

Nikapata wazo, na mpaka leo nashangaa jinsi tulivyolishangilia. Kama Mzee Tipa ni vitu viwili, basi tumtenganishe! Doto aende na mtu, mimi nibaki na gari. Tuliamini kabisa kwamba ndani ya lori amejikunja mtu mzima, na ukilegeza skrubu atatoka na kuliacha lori lisimame peke yake. Masanja akaiba bisibisi ya baba yake. Jumamosi mchana, nyuma ya nyumba, tukatandika kanga chini na kuanza.

Skrubu ya kwanza, hakuna mtu. Ya nne, hakuna mtu. Springi ikaruka, Masanja akaidaka hewani. Tulipomaliza, kanga ilijaa vipande vyekundu, na ndipo nilipoelewa kwa mikono yangu mwenyewe: bodi ndiyo miguu. Milango ndiyo mabega. Hakukuwa na mwingine ndani.

"Mmemuua," Masanja akanong'ona.

"Tumemuua pamoja na wewe!" Doto akamjibu.

Tulimrudisha kipande kwa kipande huku jasho likitutoka. Alisimama, kichwa kikaruka, macho ya bluu yaleyale. Lakini ekseli ziligoma kuingia, na matairi manne yakabaki nazo kwenye kanga. Hapo kivuli cha Bibi kikatufikia.

Tulisubiri fimbo. Bibi alichuchumaa, akamtazama Mzee Tipa, akayatazama matairi.

"Anatembea?"

"Hapana, Bibi."

"Kichwa kinaonekana?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi ni mtu, anakwenda Chato na Doto. Matairi ni ya gari, anabaki nayo Kulwa. Na wewe Masanja, rudisha bisibisi kabla sijamwita baba yako."

Hakuna aliyeugua. Nilifunga matairi yale kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na lori langu la bati likawa tishio mtaani.

Leo mwanangu Ema ana roboti inayojigeuza yenyewe kwa kubonyeza kitufe. Inaongea, inacheza muziki, inawaka taa. Aliishangilia siku mbili, kisha akaitupa chini ya kitanda. "Mama, chaji imeisha," akasema, na nilipomshauri aianike juani alinitazama kana kwamba naumwa. Watoto wetu hawa wamepewa kila kitu kikiwa tayari kimegeuka.

Ila lazima niseme na hili. Desemba iliyopita Doto alikuja kutoka Chato. Kabla ya kunywa chai akafungua mkoba, akamtoa Mzee Tipa, rangi imepauka, macho ya bluu yaleyale. Nikaenda kabatini, nikarudi na kopo la vifungo, nikamwaga mezani matairi manne na ekseli zake. Tukawa tunazisukuma ekseli, watu wazima wawili, tunagombana kama zamani. Ema akaiweka simu yake chini. Akatazama, akachukua bisibisi mkononi mwangu.

"Mama, nyie mlizibakiza mwisho. Ekseli inaingia kwanza, kabla hamjafunga kifua."

Miaka yote hiyo! Akafungua, akaingiza, akafunga. Doto akaanza kumgeuza, na bila kuambizana tukahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, na kwa mara ya kwanza tangu ile kanga, mtu akawa lori, na lori likatembea juu ya meza yangu.

Bibi hayupo tena kutuamulia. Nyahanga imejaa maghorofa, na pale tulipotandika kanga pamekuwa duka la vipuri vya pikipiki. Doto alikuwa na basi la kuwahi, na sote wawili tulikitazama kile kitu chekundu bila kukigusa.

"Sasa ni ya nani?" nikamuuliza.

Ema alikuwa ameegemeza kidevu mezani, macho yamemtoka.

"Mama mdogo," akasema, "rudia."