Tanuru la Mababu

Naungama mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Nina diploma ya utalii kutoka Ubelgiji, wa kwanza katika ukoo wetu. Jumapili niliwapeleka wakubwa wa kampuni ya shaba kutoka Lubumbashi hadi kijiji kimoja njia ya Mokambo. Wakiridhika, ningekuwa mkuu wa matembezi yao. Mbele ya kichuguu chenye mlango nikawaeleza nusu saa jinsi mababu walivyoyeyushia shaba humo. Bati la mlangoni, nilisema, linalinda urithi.

"Citoyen, mbona kina joto?" mkurugenzi wao aliuliza, akikigusa kichuguu.

"Ni jua," nilimjibu bila wasiwasi.

Mama mmoja akanisogeza kwa bega. "Baba, toka kwanza pa mulango. Mikate yangu iko inaungua."

Akafungua bati. Wakubwa wangu wakapanga mstari nyuma yake kununua mikate, wamenipa mgongo.