Wasichana Tisa na Gauni la Kuazima

Mwaka mpya nyumbani kwangu huanza baada ya chakula cha mchana. Asubuhi ni ya kanisa na ya ahadi, na ahadi za watu wangu nazijua kama ninavyojua mashimo ya barabara ya kwetu Kanyakine. Kijana wangu mkubwa, anayeuza miraa Kangeta, huahidi kwamba mwaka huu atauza tu bila kutafuna. Mke wake, ambaye ni mwalimu, huahidi kutogombana naye juu ya hilo. Mimi siahidi kitu. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na mambo ya ahadi hatukuwa tumeyafikia.

Sahani zikishaondolewa, mjukuu mmoja hupanda kiti na kushusha picha ukutani. Ni sisi wasichana tisa wa darasa la kushona la kanisa, tumesimama mbele ya shamba la kahawa. Mchezo ni huu: wajukuu wanachagua msichana yeyote, wanamgusa kwa kijiti cha kiberiti, nami nataja jina lake, la baba yake, la mama yake, na upande wa mto aliotoka. Nikikosea, sufuria za siku hiyo ni zangu kuosha. Nisipokosea ni zao. Sijaosha sufuria ya mwaka mpya tangu mchezo uanze. Majina yenyewe sitayaandika hapa, kwa sababu baadhi ya wale wasichana wako hai na wana wajukuu wanaosoma.

Mwaka huu alikuja rafiki yangu wa utotoni. Tulikulia kijiji kimoja, halafu yeye akaolewa upande wa Embu, karibu na Runyenjes, na amekaa huko mpaka Kimeru chake kimeingia Kiembu. Wajukuu wangu huniita juju, wa kwake humwita cucu, na sisi wawili tunaitana "wewe". Kwa kawaida huja kula na kunisema. Safari hii alikuwa na haja. Watoto wake walikuwa wanamfanyia sherehe ya shukrani kwa kufikisha miaka themanini, na walitaka picha yake akiwa msichana, waikuze iwe kubwa kama mlango, itundikwe kwenye hema. Hakuwa nayo. Picha yake ya zamani kuliko zote ni ya kitambulisho, na hapo alikuwa tayari na watoto watano na amekasirika.

"Wananiuliza, cucu, kwani ulikuwa msichana?" aliniambia. "Wanafikiri nilizaliwa hivi, na bakora mkononi."

Basi picha iliposhushwa alimnyang'anya mjukuu kijiti, akamgusa wa tatu kutoka kushoto. "Huyu ni mimi."

"Huyo si wewe," nikasema, nikamtaja mwenyewe, baba yake na mama yake.

"Juju amekosea," wajukuu wakasema, na mmoja akaenda jikoni kunipangia sufuria.

"Mtu hawezi kujisahau," rafiki yangu akasema. "Ona gauni. Hiyo kola nyeupe alishona mama yangu. Hakuna mwingine alikuwa nayo."

"Gauni ni lako. Miguu si yako. Angalia linapoishia."

Katika picha linaishia chini kidogo ya magoti. Rafiki yangu ni mfupi. Yeye akilivaa lilifika kwenye vifundo vya miguu, tukawa tunamwambia anafagia njia ya kanisa.

"Nilikuwa mrefu," akasema.

"Lini?"

Wajukuu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliweka kijiti mezani, akavuta leso mabegani, akasema afadhali aondoke mapema, magari ya Embu yasije yakaisha. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kimejaa.

Ningeweza kusema nimekosea. Sufuria haziui mtu. Lakini yule msichana mrefu alifariki akijifungua mtoto wake wa kwanza, na hiyo ndiyo picha pekee aliyopigwa. Sikuona vile ningechukua uso wake nimpe mtu mwingine.

"Keti," nikamwambia. "Unajua ulikuwa wapi siku hiyo?"

"Kama si hapo, basi nyumbani."

"Ulikuwa hapo hapo. Huyu mrefu gauni lake lilikuwa limeraruka kwapani, akawa analia, hataki kupigwa picha. Darasa zima la kushona, na hakuna aliyekuja na sindano. Ukaingia kwenye kahawa, ukavua lako ukampa. Wewe ukasimama kando, nyuma ya mpiga picha, umejifunga gunia."

"Gunia?"

"Na lilikuwa linawasha. Ulikuwa unajikuna kama ng'ombe mwenye kupe."

Mke wa kijana wangu aliichukua picha akaipeleka dirishani. "Hakuna hata mmoja anayetazama kamera," akasema. Ni kweli, na miaka hiyo yote sisi tulikuwa tunashughulika na majina tu. Wasichana tisa, macho yote yameenda upande mmoja, midomo imebanwa isicheke. Mimi mwenyewe nimefunika wangu kwa mkono.

Rafiki yangu akaomba miwani. Aliangalia kwa muda. "Sikumbuki," akasema. Halafu akauliza, "Gunia lilikuwa safi?"

"Hapana."

Akanywa chai yake.

Sherehe ilikuwa Februari, na kijana wangu alinipeleka. Picha ilikuwa imekuzwa kweli, imetundikwa hemani, na hakuna hata kona moja ambayo yeye yumo. Alisimama kando yake na bakora, na kila mgeni aliyeingia alielezwa ni nini wale wasichana wanachekelea. Wageni wa kwanza waliambiwa gunia. Mchungaji aliambiwa shuka. Kwa wanawake wa kikundi chake gunia lilirudi, na sasa lilikuwa linaanguka. Kufikia wakati wa keki, hadithi ilikuwa inasema mpiga picha wa siku ile alishindwa kushika kamera kwa kumtazama yeye, na wiki iliyofuata akapeleka mbuzi wawili kwa baba yake kumposa.

Mjukuu wake mmoja, msichana wa sekondari, aliniletea keki na kuketi karibu nami. "Cucu, wewe ndiye unakumbuka kila kitu. Ni kweli huyo mtu alileta mbuzi wawili?"

Mpiga picha mwenyewe alikuwa mzee mwenye meno machache na wake wawili, na majina yao wote ninayo. Rafiki yangu alikuwa ameacha kumweleza mgeni wake, ananitazama.

"Si wawili," nikasema. "Walikuwa watatu."